Esteria Hakulewa Siku Ile

Kuna watu ambao hasira huwanyamazisha. Esteria hakuwa mmoja wao. Asubuhi aliyopata habari kwamba anaitwa mbele ya sungusungu, walinzi wa jadi wa kitongoji, alikuwa jikoni uani akikoroga uji wa ulezi wa kwenda kuuza karibu na hospitali, na mwiko ulivyokuwa ukigonga sufuria, mbuzi wa jirani waliondoka wenyewe bila kufukuzwa. Aliongea peke yake, mara Kisukuma, mara Kiswahili, akichagua lugha kwa kadiri ya ukubwa wa tusi. Mama aliyemletea habari alikuwa ameshaondoka, tena mbiombio, bila hata kumalizia salamu.

Kosa lake, kwa maneno ya waliomwita, ni kwamba alimtakia kifo shemeji yake Mihayo, na Mihayo akaanguka. Hilo la kumtakia Esteria hakulikana. Alilisema kweli, kwa mdomo wake, mchana kweupe, baada ya kuhakikishiwa kwa sauti tamu kwamba ni siri. Na hapo ndipo hasira yake ilipokuwa inachemkia.

Mambo yalianza msimu wa kuvuna pamba. Walikuja watafiti kutoka chuo kikuu kimoja cha mbali, wakapanga gesti Somanda, wakawa wanazunguka vitongoji vya nyuma ya mji wakiwauliza watu habari za tabia zao, ulevi wao na afya ya akili zao. Aliyefika kwa Esteria aliitwa Raymond, kijana mtanashati mwenye kishikwambi mkononi na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope. Alijieleza vizuri. Walitaka kujua, alisema, kama mtu huwa na haiba fulani tangu mwanzo ndipo ikampeleka kwenye pombe, au kama pombe ndiyo humbadilisha mtu akawa na haiba nyingine. Jina la Esteria alikuwa amelipata kwa muuguzi wa kliniki ya akili, kwa ridhaa ya Esteria mwenyewe. Esteria aliwahi kuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni, na sasa hakuwa akionja hata togwa iliyolala.

Kuacha pombe ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Wengine kitongojini walikuwa na nyumba za bati na pikipiki za mkopo. Yeye alikuwa na asubuhi zake, ambazo aliamka akijua jana alisema nini na alilala wapi, na hakutaka mtu azichezee.

Sasa, kitongojini kule mgeni haingii nyumba za watu peke yake. Lazima asindikizwe na sungusungu, na siku ile aliyemsindikiza Raymond alikuwa kamanda mwenyewe, mzee Magese. Raymond akaomba faragha. Hapo ndipo palipoharibika, na la kuudhi ni kwamba kila mmoja aliona anatenda la heshima. Magese hakuweza kuondoka akamwacha mjane na mwanamume mgeni, maana watu wangesema. Wala hakutaka aonekane anadukua mazungumzo ya wenzake. Basi akafanya kama afanyavyo mtu mwenye adabu anapokutana na mama mkwe wake njiani: akasogea kando mpaka kwenye zizi, akageuza mgongo, akawa anaangalia ndani ya zizi ambalo halikuwa na hata ndama. Kwao, mtu aliyekupa mgongo namna ile hayupo. Esteria alilelewa hivyo, hakuona shida yoyote. Raymond naye aliuona mgongo wa mzee, akaridhika kwamba faragha imepatikana. Hakuna aliyekumbuka kwamba Magese ana masikio.

Maswali yalikuwa mengi na yalifanana. Je, wewe ni mtu wa kukasirika upesi? Je, hufanya jambo kabla ya kulifikiria? Je, hujiona huna thamani? Majibu yalikuwa yamepangwa tayari, kazi ya Esteria ilikuwa kuchagua: kamwe, mara chache, mara nyingi, wakati wote. Alikuwa akijibu huku akichambua mchicha, mpaka Raymond aliposoma kama amewahi kutamani mtu fulani adhurike au afe. Esteria akaacha mchicha. Akauliza kama kweli ni siri. Raymond akaweka mkono kifuani akasema ni siri, na kwamba utafiti wao hauna maana watu wasiposema kweli.

"Mara nyingi," Esteria alisema. "Shemeji yangu, Mihayo. Nikimwona anapita na ng'ombe wa marehemu mume wangu, natamani aanguke palepale."

Raymond akagusa kioo penye "mara nyingi", akaenda kwenye swali linalofuata. Hakuuliza ng'ombe gani.

Hilo la kutouliza lilimkera Esteria kabla ya mengine yote. Angeuliza, angeambiwa kwamba Shigela, mumewe, alipofariki, matanga hayajaanuliwa vizuri Mihayo alikuja akafungua zizi, akasema ng'ombe ni wa ukoo na mjane mwenye mtoto mmoja hana cha kuchunga. Kabla ya siku hiyo Esteria alikuwa mpika pombe hodari aliyewanywesha wenzake na yeye mwenyewe akinywa chai. Baada ya siku hiyo alianza kunywa alichokipika, kisha akanywa na alichopika mwingine. Sasa anakuja mtu kumuuliza haiba. Kama haiba ya ulevi ilikuwamo ndani yake, basi ilikuwa imelala usingizi mzito sana mpaka zizi lilipofunguliwa.

Watafiti wakahamia kitongoji kingine. Wiki chache zikapita. Siku moja Mihayo akirudi kutoka mnadani, alianguka katikati ya ng'ombe wake, wale wale. Alikuwa na presha ya siku nyingi, dawa alizopewa alikuwa akizisahau na gongo alikuwa haisahau. Hospitali walisema ni kiharusi. Alirudi nyumbani mkono mmoja umekufa na mdomo umekwenda upande. Magese, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa ameyafungia maneno ya Esteria kifuani, hakuweza kuyazuia tena. Alimwambia mkewe peke yake. Kesho yake mchana kitongoji kizima kilikuwa nayo.

Maneno ya namna hiyo, yakimwangukia mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, si ya kuchekea. Sehemu zile wapo akina mama waliokatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi kwa jambo dogo kuliko hilo. Esteria alilijua hilo vizuri sana. Aliogopa, ila woga wake ulikuwa na tabia ya kugeuka hasira kabla haujafika miguuni.

Basi siku ile ile alipoitwa, aliuacha uji jikoni, akapanda bodaboda mpaka Somanda, akamkuta Raymond gesti anakunywa chai na chapati. Hakumlaumu sana, maana alikuja kuomba. Aliomba jambo moja tu: aje kwenye mkutano Jumamosi, asimame mbele ya watu, aseme kwamba swali lile ni lake, kwamba anawauliza watu wote, na kwamba yeye ndiye aliyemsihi huyu mama aseme kweli. Basi. Hata kukaa asikae, aseme aondoke.

Raymond aliiacha chapati. Alisikitika kwelikweli, hata Esteria aliona. Akaeleza kwamba kanuni za maadili ya utafiti zinamkataza kumtaja mshiriki yeyote mbele ya mtu yeyote.

"Mama, siwezi kuthibitisha hadharani kwamba tuliwahi kuongea," alisema. "Siri hiyo ni kwa ajili ya kukulinda wewe."

"Nilichokuambia kinajulikana mpaka kisimani," Esteria akamjibu. "Aliyebaki kufichwa ni wewe."

Raymond akaahidi kuiandikia kamati. Kamati ingekaa, ingejadili, ingejibu pengine mwezi unaofuata. Kwa sasa, alisema, kulikuwa na namba ya simu ya ushauri nasaha, apige akijisikia vibaya, wanapokea saa za kazi. Esteria alicheka kicheko kilichomfanya mhudumu achungulie kutoka jikoni, kisha akatoka. Njia nzima kwenye bodaboda alikuwa akiwaza kitu kilekile: siri yao imara kama nini, haivuji hata tone, mradi tu atakayezama ni yeye.

Ijumaa alasiri Magese alikuja mwenyewe. Alimsalimia kwa heshima ya kumwita mama, mwadila mayu, akakaribishwa kigoda, akakaa akikizungusha kifimbo chake. Hakuwa mtu mbaya. Hilo nalo liliudhi, maana mtu mbaya unaweza kumfukuza uani kwako ukalala vizuri. Alisema wazee hawataki mambo haya yafike kwa vijana wa mapanga, ni heri mkutano uyamalize kwa hukumu inayojulikana. Na hukumu zilikuwa za aina mbili. Ikiwa alisema maneno yale akiwa na akili zake timamu, atatengwa: hakuna kumsalimia, hakuna kumjibu, hakuna kumsagia unga wala kuteka naye maji, na akifiwa azike mwenyewe. Lakini ikiwa alikuwa amelewa, hapo pana nafuu. Maneno ya mlevi si maneno. Atatoa jogoo, ataomba radhi, watu watanawa mikono na kwenda zao.

"Sema ulikuwa umelewa, mayu," Magese alimwambia, kwa upole kabisa. "Nani atashangaa?"

Esteria alimwomba aondoke kabla hajamtolea maneno ambayo yangemgharimu zaidi ya jogoo.

Kwa sababu hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa. Nani angeshangaa! Miaka yake ya ulevi alikuwa na mwanawe mmoja tu, Gilbert, fundi seremala Mwanhuzi, na alikuwa akimwapia kwa kaburi la baba yake kwamba hajagusa kitu, huku pumzi yenyewe ikinuka gongo. Gilbert alichoka, akaacha kuja. Mama yake alipoacha pombe hakumwamini. Alingoja, akapeleleza, akangoja tena, na ni likizo iliyopita tu alipoleta watoto wake, akawaacha kwa bibi yao. Yule mdogo alikuwa akilala mapajani kwa Esteria kila mchana, mdomo wazi. Sasa Esteria akisimama mbele ya watu akasema alikuwa amelewa, habari zitafika Mwanhuzi kabla ya jua kutua, na watoto wale hatawaona tena. Asiposema, atabaki na watoto wa likizo lakini hatakuwa na kitongoji cha kuwapokelea.

Alimpigia Gilbert akamweleza yote, kuanzia mtafiti mpaka jogoo. Gilbert alisikiliza bila kumkatiza. Nyuma yake Esteria alikuwa akisikia msumeno wa mtu mwingine kwa mbali.

"Lakini mama," Gilbert akauliza, "kweli hukuwa umelewa?"

Esteria akakata simu. Alikaa na ile simu mapajani, hasira imemjaa, wala hakujua amkasirikie nani kwanza. Kama ni kunywa, angekunywa siku ile. Akaenda akafua nguo zote alizokuwa nazo, chafu na safi.

Jumamosi dagashida ikakaa, ndio mkutano wao mkubwa, kwenye uwanja wa wazi ambapo kila kaya lazima iwe na mtu. Wanaume na fimbo zao walikaa upande mmoja, wanawake na khanga zao upande mwingine. Mihayo aliletwa akakalishwa kwenye kiti cha plastiki, na mkewe, Benadetha, alisimama nyuma yake akimfuta mate kwa kitambaa. Magese akaeleza shauri zima, kwa haki kabisa, pamoja na mgongo aliougeuza. Kisha akamuuliza Esteria, kwa sauti ya mtu anayemfungulia mwenzake mlango, siku ile alikuwa katika hali gani.

Esteria alisimama. Kila mtu alikuwa anajua jibu linalotakiwa. Hata jogoo alikuwa ameshafikiriwa.

"Nilikuwa mzima," alisema. "Sijalewa tangu nilipoacha, na mwenye shaka aje aninuse hapa. Niliyasema yale kwa sababu nina hasira na Mihayo. Hata sasa amekaa pale nina hasira naye. Lakini kumkasirikia mtu hakumwangushi. Kungekuwa kunaangusha, hapa tungekuwa tumekaa wachache."

Minong'ono ikapita upande wa wanawake. Magese akamwomba afikirie tena. Esteria akasema ameshafikiria, amefua mpaka mapazia akifikiria. Basi Magese, akionekana kuumia kweli, akatamka hukumu: kuanzia neno hilo lilipotoka, yeyote atakayemsalimia Esteria, atakayemjibu au kusema naye lolote, mwanamume kwa mwanamke, kiongozi kwa anayeongozwa, atatoa dume la ng'ombe na mkutano utamla. Fimbo zikainuliwa. Imepita.

Kwa kawaida aliyetengwa hujifunika khanga akaondoka analia, na watu wakamfungulia njia bila kumtazama. Esteria hakuondoka. Alisimama palepale, uso umekunjamana, mtu angedhani anatafuta kilio. Kumbe alikuwa anaitafuna ile hukumu. Akamuuliza Magese kama imeanza sasa hivi au inaanza kesho.

Magese akafungua mdomo. Akaufunga. Akawatazama wazee wenzake, nao wakatazama fimbo zao.

Hasira ikampanda Esteria upya, na safari hii ilikuwa na raha ndani yake. Akakaza khanga kiunoni. Akawaambia kwamba maisha yake yote akiongea, kuna mtu wa kumwambia anyamaze. Leo wamekaa kikao, wamekubaliana wenyewe, wamejifunga midomo wenyewe. Basi watasikiliza.

Akaanza na ng'ombe. Alisema wale ng'ombe hawakuwa wa ukoo, wengi wao walinunuliwa kwa pombe aliyoipika yeye, mgongo ukimuuma, na siku walipotoka mnadani aliyeshika kamba ya yule jike mwekundu alikuwa Magese huyo huyo. Magese akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Akasema alipoporwa, hakuna aliyeitisha mkutano. Alipolala mtaroni, hakuna aliyeitisha mkutano. Walimruka wakienda kanisani. Akasema yule kijana wa chuo aliuliza kama ana hasira na hakuuliza sababu, na wao hawana chuo lakini wamefanya vilevile. Mzee mmoja alitaka kujibu, akajizuia, akabaki anakohoa tu.

Kisha akawageukia wanaume wote kwa pamoja. Aliwakumbusha kwamba walikaa kwenye vigoda vyake miaka na miaka, na kwamba pombe ilipowapanda walisema. Walimlilia, walimwambia wanaowachukia, walimwambia wanaotamani wafe. Hajawahi kumwambia mtu. Siri zao alizitunza bila kusomea na bila kuweka mkono kifuani, na leo hatazitoa, isipokuwa moja.

"Mihayo alikaa kwangu akamtakia kifo kaka yake," Esteria alisema. "Alisema Shigela afe, yeye ale ng'ombe. Aliyasema kwa sauti, Magese, na wewe ulikuwa umekaa karibu naye unacheka. Na Shigela alikufa. Mbona yeye hakuitwa hapa?"

Kitambaa cha Benadetha kilisimama kwenye kidevu cha mumewe. Mihayo alitazama chini, na upande ule mzima wa uso wake ulikuwa umeanza kucheza.

Magese alivumilia alivyoweza. Lakini alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akisukumwa namna hiyo hujibu.

"Siku ile Mihayo alikuwa amelewa," alisema.

Maneno yalikuwa yametoka, yamesikika mpaka mwisho wa uwanja. Magese mwenyewe aliyasikia, akabaki ameshika kifimbo hewani. Benadetha akakunja kile kitambaa vizuri, akakiweka begani kwa mumewe, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba kamanda amemjibu Esteria, na wote wamesikia.

Wanawake wakaanza kuguna, kisha wakaanza kuongea, kisha wakawa wanaongea wote, wengine na Benadetha, wengine na Magese, na wengine, bila kujali dume la faini, na Esteria moja kwa moja. Esteria alingoja watulie. Alikuwa mzima, koo lake lilikuwa safi, na alikuwa bado hajamaliza.